Hewa ikijipenyeza kwenye gesi nzito

SWALI: Mhariri shikamoo, nasoma uinjinia wa ndege, nimesikia handaki la upepo (la kujaribia modeli za ndege) la NASA kule Langley, Marekani, linatumia R-134a, gesi ya friji hiyohiyo! Hewa kidogo ikibaki ndani, mnato (ule uzito wa gesi kutiririka) wa mchanganyiko si nachukua tu wastani?

JIBU: Marahaba. Hapana, wastani unadanganya, molekuli za gesi moja zinagongana na za nyingine na uzito wake hauko sawa, R-134a ni 102 hewa ni 29 (gramu kwa moli), kwa hiyo watu wanatumia fomula ya Wilke ya 1950, ya kukadiria mnato wa gesi zilizochanganyika. Nimepiga hesabu kwa nyuzi 25, mnato wa R-134a ni 11.8, hewa 18.4 (mikropaskali sekunde), weka hewa asilimia 5 ya molekuli, Wilke anatoa kama 11.96, wastani 12.13. Tofauti ndogo eeh? Ila kinachouma zaidi ni densiti, inashuka karibu 3.6%, ukijumlisha na mnato uliopanda basi namba ya Reynolds (nguvu za mwendo wa gesi ukilinganisha na za mnato) imeshuka kama 5% kwa spidi ileile, na spidi ya sauti nayo inapanda kwa hiyo hata Mach (spidi ukigawa kwa spidi ya sauti) uliyoandika siyo. Pima usafi wa gesi kwanza, kila jaribio, ndo usahihishe data.