Jibu: chati ya malengo ya kituo cha maziwa, bodi haielewi

Pole dada, nimekusoma. Hapo Tukuyu umeweka lita, asilimia ya maziwa yanayokataliwa, pamoja na malipo ya wafugaji kwenye chati moja, bodi ikaona vurugu tu. Nilipokuwa karani wa kituo huku Njombe yalinikuta hayohayo.

Usichanganye lita na asilimia, maana lita 10,000 zinaimeza asilimia 5 inabaki kama uzi huko chini. Kila kipimo kipe chati yake. Kwenye Excel yaliyopatikana yawe nguzo, lengo liwe mstari, basi mtu anaona mwezi huu tumevuka au tumebaki chini. Na nguzo zianzie sifuri jamani, ukianzia 8,000 upungufu kidogo unaonekana balaa na wafugaji watakuja juu.

Maziwa yanayokataliwa, hapo kushuka ndio kuzuri, andika kabisa juu ya chati. Kwetu bodi ilifurahia nguzo ndefu kumbe ni maziwa yaliyomwagwa, iliniuma sana.

Lengo la kiangazi lisilingane na la masika, majani yakikauka lita zinashuka tu. Ila usilibadilishe peke yako bila kikao, na hesabu za malipo mhasibu au afisa ushirika azipitie kwanza ndio uchore.