Maswali na Majibu ya Briji: Kabla Hujaongeza Mbinu Nyingine Kwenye Mnada

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kuhusu mnada, yaani zamu za kutoa zabuni kabla karata hazijachezwa: mfumo wetu wa zabuni ni wa kawaida, tunataja aina tulizo nazo mkononi, basi tuuboreshe vipi? Nimechagua zile zilizokamilika. Wanaonitumia karata kumi na tatu bila kusema nani aligawa, nani alikuwa hatarini (yaani adhabu yake ni kubwa zaidi akishindwa), na kama mchezo ulihesabiwa kwa jozi au kwa timu, wataendelea kusubiri.

Msomaji wa Jinja: Mimi na mwenzangu tulifundishwa mfumo wa Acol na mzee mmoja aliyeujua vizuri. Tunafungua mnada kwa kopa au shupaza tukiwa na karata nne tu za aina hiyo, na 1 bila turufu yetu ni alama 12 hadi 14 (ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1). Vijana wa Kampala wanasema tumepitwa na wakati, tuhamie karata tano. Tufanye hivyo?

Mnaweza, lakini si kwa sababu ya vijana wa Kampala. Acol ilizaliwa London katika miaka ya 1930 na ikachukua jina la barabara ya huko, nayo bado inashinda mashindano mikononi mwa watu wanaoielewa. Faida ya karata tano ni wazi: mwenzako akiwa na tatu tu tayari mna nane, wapinzani wamebaki na tano, na hizo hugawanyika tatu kwa mbili takriban mara 68 katika kila 100. Gharama yake ni kwamba ufunguzi wa pau au uru hupoteza maana kidogo. Mwenye shupaza nne, kopa nne, uru tatu na pau mbili hulazimika kufungua 1 uru, na mwenzake akiamini kwamba uru hizo ni za kweli, atapandisha aina ambayo hamna.

Jambo ambalo hukuuliza ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Watu wengi hubadilisha ufunguzi na kusahau kwamba kila kinachofuata kimebadilika nao. Chukua mnada mfupi kabisa kati ya wenza wawili, wapinzani wakipasi: 1 shupaza, 2 pau, 2 shupaza. Je, aliyetaja pau anaruhusiwa kupasi? Katika Acol ya mzee wenu, ndiyo, akiwa na alama kumi hivi zisizo na matumaini. Katika mfumo sanifu wa Kimarekani amekwisha kuahidi zabuni nyingine. Kwa wanaocheza mtindo ambao kujibu kwa 2 juu ya ufunguzi wa 1 ni ya lazima hadi gemu (hakuna kupasi kabla ya kufikia zabuni yenye bonasi), kupasi hapo ni kosa la kumkosesha mtu usingizi. Ni zabuni zilezile tatu, nazo zina majibu matatu. Ikiwa wewe na mwenzako hamwezi kujibu swali hilo kwa sauti moja leo, msihamie popote. Kaeni na Acol yenu, chukueni karatasi, na mwandike ni zabuni zipi ni za lazima na zipi si za lazima.

Msomaji wa Mbarara: Alama ngapi zinatosha kufungua?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mno. Jumlisha alama zako na urefu wa aina zako mbili ndefu. Ikifika 20, fungua, isipokuwa kama alama zenyewe zimekaa kwenye malkia na ghulamu waliotawanyika ovyo.

Msomaji wa Kampala: Mwenzangu alifungua 1 pau, nikajibu 1 shupaza, akasema 2 kopa. Nilikuwa na alama sita, nikapasi. Amekataa kucheza nami tena. Nani alikosea?

Wewe, ingawa yeye pia anastahili kuulizwa kama aliwahi kukueleza. Karata zake, kwa mujibu wa barua yako, zilikuwa hizi: shupaza ree na 3, kopa ree, mfalme, 10 na 5, uru 7 na 2, pau ree, malkia, ghulamu, 9 na 4. Hizo ni alama 18. Wewe ulikuwa na shupaza tano zenye mfalme, kopa 8 na 4, uru nne zenye malkia na ghulamu, na pau mbili ndogo. Kwa kupasi ulimwacha acheze kopa zikiwa ni turufu, huku nyinyi mkiwa nazo sita na wapinzani saba.

Mfunguzi anaporudi na aina iliyo juu zaidi ya ile aliyofungulia (kutoka chini: pau, uru, kopa, shupaza), akivuka 2 ya aina yake ya kwanza, anatangaza mambo mawili: kwamba ana nguvu, yaani alama 17 hivi na kuendelea, na kwamba aina ya kwanza ni ndefu kuliko ya pili. Zabuni hiyo ni ya lazima kwa raundi moja, hata kama umejaza mkono wako takataka. Ulipaswa kusema 2 shupaza, ambayo inaonyesha karata tano na haiahidi nguvu yoyote. Usingekuwa na ya tano, ungesema 2 bila turufu, ikiwa mmekubaliana kwamba hapo ndipo mnyonge anapojificha, na zabuni nyingine zote zikawa za wenye uwezo. Makubaliano hayo yanachukua dakika tano, lakini sijakutana na jozi nyingi zilizoyafanya. Nimekutana na jozi nyingi zilizokariri njia tatu za kuuliza idadi ya ree.

Msomaji wa Entebbe: Tulikuwa na alama 32, nikamuuliza mwenzangu ree kwa 4 bila turufu, tukafika slemu (ahadi ya kushinda mizunguko 12 au yote 13). Wapinzani wakachukua uru mbili za kwanza. Blackwood, yaani swali hilo la ree, ina faida gani?

Easley Blackwood aliibuni mwaka 1933 ili kuwazuia watu kuingia slemu wakiwa wamekosa ree mbili. Haikubuniwa ili iwasukume waingie. Wewe ulikuwa na uru mbili ndogo, na hakuna aliyekuwa ametaja aina hiyo. Jibu la idadi ya ree lisingekuambia kama ree au mfalme wa uru yuko kwenu.

Msomaji wa Mbale: Tuongeze nini kwanza, kama tungeruhusiwa kuongeza kitu kimoja tu?

Hatimaye swali zuri. Ongezeni dabo (tamko la kuongeza hesabu maradufu) ya kujibu wapinzani wanapoingilia. Mwenzako akifungua 1 pau, mpinzani akaingia kwa 1 shupaza, nawe una kopa nne na alama nane, utasema nini? 2 kopa inaahidi karata tano na alama kumi. 1 bila turufu inaahidi kwamba shupaza umezizuia. Ukipasi, kopa zenu zimezikwa. Alvin Roth aliliona tatizo hili na mwaka 1957 akaigeuza dabo hiyo, ambayo kabla ya hapo ilikuwa ya adhabu, iwe ya kuonyesha aina ambazo hazijatajwa. Ilipewa jina la Sputnik kwa sababu satelaiti ya Kisovieti ilikuwa imerushwa mwaka huohuo.

Onyo langu ni kuhusu upande wa pili wake. Aliyekuwa na shupaza tano nzuri sasa hawezi kudabo; anapasi na kusubiri. Basi mfunguzi mwenye shupaza moja au asiye nayo kabisa asiache mnada ufe: zamu ikimrudia, adabo, ili mwenzake apasi na adhabu ipatikane. Jozi inayojifunza nusu ya kwanza bila nusu hii imejiibia yenyewe. Na mkubaliane pia dabo hiyo inaishia ngazi gani ya zabuni: ya 2, ya 3 au zaidi.

Msomaji wa Gulu: Kwa nini tusiache mfumo wa kawaida kabisa na kucheza pau yenye nguvu?

Precision ya C. C. Wei, mfumo wa aina hiyo, iliifikisha Taiwan nafasi ya pili ya Bermuda Bowl, ubingwa wa dunia wa timu, mwaka 1969 na tena 1970, kwa hiyo sina la kuidharau. Ila 1 pau ya alama 16 haisemi chochote kuhusu pau, na mpinzani jasiri akiruka hadi 2 shupaza, nyinyi wawili mnaanza kutambuana kwenye ngazi ya tatu. Kama unabadilisha mwenzi kila Alhamisi, usijaribu.

Msomaji wa Arua: Mwenzangu husita sana kabla ya kupasi akiwa na alama 11. Nikishajua hivyo, naweza kuendelea na mnada?

Hapana. Kelele na macho ni utamu wa mchezo wa karata wa matatu. Kwenye briji, Kanuni ya 16 ya mchezo wa dupliketi (ambamo karata zilezile huchezwa na meza mbalimbali) inahesabu kusita kwake kuwa ni taarifa usiyoruhusiwa kuitumia. Karata zako zikikupa njia mbili za busara, ile iliyopendekezwa na kimya chake si yako tena, na wapinzani wana haki ya kumwita msimamizi arekebishe matokeo.