Maswali Yenu: Mama mkubwa hataki London, nimpeleke wapi?

SWALI: Habari za kazi. Naishi Birmingham, mama mkubwa anakuja mwezi wa sita kutoka Muheza na ameshasema kabisa London hataki, ile saa kubwa kaiona kwenye TV inamtosha, anataka mji mdogo wa Waingereza wenyewe, wa mashamba na kondoo. Kuna mtu kaniambia Ludlow. Pale kuna nini? Yeye ni Mwanglikana wa Magila, kanisa ndo maisha yake, ila magoti yanamsumbua.

JIBU: Mpeleke bila kufikiria mara mbili. Treni mnabadilisha Shrewsbury au Hereford.

Wengi wakishuka stesheni wanakimbilia ngome, hata mimi mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, nikapiga picha mawe mpaka simu ikazima na sikuelewa kitu. Nyie chukueni teksi moja kwa moja hadi Whitcliffe, ng'ambo ya mto Teme, mkae pale kwanza. Mji wote unauona umepangwa kama kwenye sinia, ngome juu ya jabali, mto umeizunguka chini, mnara wa kanisa la St Laurence wa mita 41 umechomoza katikati ya mapaa, na nyuma kabisa Titterstone Clee, mita 533, ambao kwao ni mlima lakini mtu aliyekua anaitazama Usambara ataona kichuguu tu. Hapo ndo utaelewa kwa nini Wanormani wa ukoo wa de Lacy walijenga pale karne ya 11, maana Wales iko jirani hapo magharibi na wao walikuwa wanalinda mpaka.

Halafu nendeni ngomeni, na hapa mama mkubwa mkalishe. Ndani ya kuta zile alifia Arthur, mtoto wa mfalme, Aprili 1502, ana miaka 15, ndoa yake na Catherine wa Aragon haijatimiza hata miezi mitano. Mdogo wake akarithi ufalme na mjane pia, ndo huyo Henry wa Nane, ambaye baadaye alipotaka kumwacha Catherine akaanza kudai eti huyu ni mke wa kaka yangu, ndoa haikuwa halali, Papa akagoma, na 1534 Kanisa la Uingereza likawa limeshajitenga na Roma. Kwa hiyo mwambie taratibu tu kwamba Uanglikana wake umepitia kwenye msiba wa Ludlow, usiongeze neno, mwache alitafakari.

Uwanja wa mbele ya ngome una soko Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, mle hapo. Hoteli ya Feathers ya 1619, yenye mbao nyeusi zilizochongwa mbele nzima, mwiangalie kwa nje inatosha.

Kanisani msikose viti vya kwaya. Ni vya kukunja, inua kiti uone chini yake kumechongwa nini, kuna kimoja shetani kambeba begani muuza pombe aliyekuwa anapunja wateja vipimo, anampeleka motoni na kikombe chake mkononi. Mtu yeyote aliyewahi kupunjwa sukari dukani atacheka. Mnarani panda peke yako, ngazi ni nyembamba za kuzunguka.

Mkitoka mteremke Broad Street mpaka mpite chini ya Broadgate, lango la zamani lenye nyumba ya watu juu yake. Ni mteremko, magoti yatavumilia. Ila kurudi juu ita teksi, maana atakuambia anaweza na hawezi.