Jibu: Kipimo cha kuchelewa kinasoma hasi

Habari mkuu. Umeuliza inakuwaje pakiti (vipande vya data) kutoka Dar zifike Nairobi kabla hazijatumwa: kwenda milisekunde -2, kurudi 19. Laini yako haina tatizo, ni saa za seva mbili hazilingani. Jumla yake, 17, iamini, maana tofauti ya saa hujifuta ukijumlisha kwenda na kurudi. Hilo lilishanikuta, nikashinda kutwa nabadilisha kebo bure!

Anza na amri ya chronyc tracking pande zote mbili, tazama mstari wa System time, unaoonyesha saa ya seva imepishana kiasi gani na saa ya NTP (mfumo wa kulinganisha saa kupitia mtandao). Ila NTP ikipita kwenye laini hiyohiyo, na njia ya kurudi ikawa ndefu kuliko ya kwenda, nayo itakudanganya. Ukitaka kipimo cha kwenda peke yake, funga kipokezi cha GPS kila upande, kichukue saa kutoka setilaiti. Changu kilikataa ndani ya chumba cha seva, kikakubali dirishani.

Na usipingi (usitume ujumbe wa kupima muda wa jibu) ruta yenyewe, yaani kifaa kinachoelekeza pakiti; nyingi hujibu pingi zikipata nafasi. Pingi seva iliyo nyuma yake.

Kwenye ripoti wastani pekee hautoshi. Weka cha chini kabisa, cha kati na asilimia ya 95 (kiwango ambacho vipimo 95 kati ya 100 havikizidi), pamoja na muda ulipopima. Mwanga kwenye faiba hukata kama kilomita 200 kwa milisekunde, kwa hiyo Dar–Nairobi ukiona kwenda chini ya milisekunde 3, rudi ukakague saa za seva. Ruta zako sijaziona. Tupia traceroute (orodha ya ruta ambazo pakiti zinapitia) ya pande zote mbili hapa.