Nina presha au sina?

SWALI: Habari daktari, pole na kazi. Mi mwanaume wa miaka 47, niko Morogoro. Juzi nimepima presha ikaja 134/84, nesi akasema uko vizuri baba, punguza tu chumvi. Sasa dada yangu yuko Marekani, kapima ikatoka 132/82 na wamemwandikia kabisa kwenye faili ana presha! Namba yake ndogo kuliko yangu, sasa nani anadanganywa? Naomba jibu moja tu, ninayo au sina.

JIBU: Nzuri ndugu yangu, asante. Wote mmeambiwa kweli, ila mmepimwa kwa mistari miwili tofauti. Marekani nao walikuwa wanahesabu presha kuanzia 140/90, Novemba 2017 vyama vyao vya madaktari wa moyo vikaushusha mstari mpaka 130/80, na watu wazima wenye presha wakaruka kutoka kama asilimia 32 hadi 46 kwa siku moja, wakati miili yao ni ileile ya jana. Hapa kwetu tumebaki na 140/90. WHO pia, mwongozo wao wa 2021 unasema dawa zianze hapo, isipokuwa mtu mwenye ugonjwa wa moyo tayari, huyo namba ya juu (ile ya kwanza, kama 134 yako) ikifika 130 anaanza.

Ninachoomba ukielewe, mishipa ya damu haibadiliki ghafla ikifika 140. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2002, watu karibu milioni moja, ukaonyesha kwa wenye miaka 40 mpaka 69 kila namba ya juu ikipanda kwa 20 hatari ya kufa kwa kiharusi au moyo inakuwa mara mbili, na kupanda huko kunaanzia chini kabisa kwenye 115. Kwa hiyo wa 139 na wa 141 wako karibu sawa, ingawa kwenye daftari mmoja ni mzima na mwenzake mgonjwa. Mstari tunauhitaji maana lazima tuamue nani apewe vidonge, lakini inaniuma sana mtu akiambiwa huna halafu anapotea miaka mitatu, anarudi kabebwa, mdomo umepinda.

Kwa hiyo kwa hapa hujaitwa mgonjwa, ila hauko salama kama mwenye 115. Dada naye asiogope, hata huko kwa 132 mara nyingi wanaanza na chakula na mazoezi.

Halafu kipimo kimoja hakitoshi. Rudia siku nyingine, kaa kimya dakika 5, umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkojo umeshatoa, kahawa na sigara hapana nusu saa kabla, na ule mkanda ufungwe kwenye ngozi, sio juu ya shati. Na kama una kisukari au figo zina shida mwambie anayekupima mapema, maana hapo hiyo 134 inaongelewa tofauti.