Je, volkano ndiyo iliyoiangusha Balhae?

SWALI: Ndugu Mhariri, darasani tumebishana sana. Mwenzetu anasema ufalme wa Balhae, kaskazini mashariki mwa Asia, uliangamizwa na mlipuko wa mlima Paektu. Ni kweli?
Mwanafunzi, Sinza, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, tarehe zinakataa. Balhae ilianguka mwanzoni mwa 926. Paektu ililipuka 946. Mwaka huo umethibitishwa kwa mti uliofukiwa na mlipuko wenyewe. Mti huongeza pete moja ya ukuaji kila mwaka. Pete yake ya 775 ina kaboni ya mionzi iliyopanda ghafla dunia nzima, na kutoka hapo wataalamu walihesabu pete hadi kwenye gome, yaani mwaka mti ulipokufa.

Dae Joyeong aliuasisi ufalme huo 698, akiunganisha Wamohe, kabila la eneo hilo, na mabaki ya Goguryeo, ufalme wa Korea uliovunjwa 668 na Tang, dola ya China, pamoja na Silla, ufalme mwingine wa Korea. Ulikuja kuwa na miji mikuu mitano. Mkubwa ulikuwa Sanggyeong, uliopangwa kwa kuiga Chang'an, mji mkuu wa Tang, na kilele kilikuwa enzi ya mfalme Seon (818–830).

Aliyeuangusha ni Abaoji, mtawala wa Wakhitan, watu wahamaji wa magharibi mwa Balhae. Kwanza aliteka Buyeo, ngome ya kuzuia adui kutoka magharibi. Kosa kubwa la ulinzi, kwa maoni yetu, lilikuwa kuitegemea mno ngome hiyo: ilipoanguka, wapanda farasi walifika Sanggyeong upesi na mfalme Dae Inseon akasalimu amri. Abaoji akaunda Dongdan, ufalme wa chini yake, akamweka mwanawe Yelü Bei kuitawala. Mwanamfalme Dae Gwanghyeon alikimbilia Goryeo, ufalme wa Korea, na wafuasi wengi.