Chanjo ya Korona Ilitoka Mbio, ya Korona ya Ngamia Iko Wapi?

SWALI: Daktari asalaam aleikum. Chanjo ya korona ilitoka chini ya mwaka mmoja na ukimwi ni miaka zaidi ya 40 hakuna kitu, sasa hapo mtu ataamini vipi? Halafu baba mdogo wangu anafuga ngamia, tumesikia ati ngamia wako na korona yao, ni kweli ama ni stori tu? – Msomaji, Garissa

JIBU: Waleikum salaam ndugu yangu. Swali lako naulizwa kila mahali na ni la maana sana. Watu huanza kuhesabu Januari 2020, lakini kazi ilianza 2003 wakati SARS, ambayo nayo ni aina ya korona, inaua watu Asia, chanjo zikaanza kutengenezwa, halafu ugonjwa ukapotea 2004 na pesa za utafiti nazo zikapotea. 2012 ikatokea MERS kule Saudia, ndiyo hiyo korona ya ngamia, watafiti wakarudi maabara.

Shida kubwa ilikuwa ile miiba ya kirusi, yaani vijisehemu vya nje ambavyo hukitumia kuingia mwilini na ambavyo chanjo hufundisha mwili kuvitambua. Ukitengeneza mwiba peke yake hauna utulivu, unajikunja unabadilika umbo, basi mwili unajifunza kupigana na kitu ambacho sicho. Watafiti Barney Graham, Jason McLellan na wenzao huko Marekani wakabadilisha sehemu mbili tu ndogo za mwiba wa MERS ukasimama imara, wakachapisha hayo 2017. Korona mpya ilipokuja ujanja ni uleule, Moderna na Pfizer wakautumia, na tarehe 16 Machi 2020 mtu wa kwanza akadungwa ile ya Moderna kwa majaribio. Chuo Kikuu cha Oxford nao walishaanza kujaribu chanjo ya MERS kwa watu 2018, wakabadilisha mwiba tu, ndiyo ikawa AstraZeneca ambayo ilijaribiwa mpaka hapa kwetu Kilifi. Ongeza pesa nyingi, na wagonjwa walikuwa wengi kila mahali kwa hivyo majibu ya majaribio hayakuchelewa. Ukimwi ni adui mwingine kabisa, kirusi chake kinabadilika kila siku na kinajificha ndani ya vinasaba vya chembe zetu wenyewe.

Sasa ngamia. Ni kweli kabisa, si stori. Damu ya ngamia wa Kenya iliyohifadhiwa tangu 1992 ilikutwa na kingamwili za MERS, yaani askari wa mwili wanaoonyesha kwamba waliwahi kuambukizwa. Wagonjwa wengi wamekuwa Saudia, na kati ya 100 waliothibitishwa karibu 35 wamekufa. 2015 msafiri mmoja tu aliipeleka Korea Kusini, wakaugua 186 wakafa 38. Na mpaka leo hakuna chanjo ya MERS iliyoidhinishwa kwa watu! Hili linaniuma, maana ugonjwa huu ndio uliotufundisha kutengeneza chanjo ya korona, halafu wachungaji wanaolala na ngamia wamesahaulika. Kuna chanjo za kumdunga ngamia mwenyewe, kwenye majaribio moja ilipunguza sana virusi vinavyotoka puani, mimi naona hiyo ingestahili pesa kwanza.

Kwa sasa mwambie baba mdogo achemshe maziwa, anawe mikono akitoka zizini, na ndama wenye makamasi asiwakumbatie kwa sababu hao ndio hutoa virusi zaidi. Kama ana sukari ama shida ya figo amwachie mtu mwingine kukamua. Na akishikwa na homa, kikohozi na kupumua kwa shida, amwambie daktari mapema kwamba anafuga ngamia, asingoje kuulizwa.